Kitu Kidogo cha Sajini Kidosho

Karibuni. Kaeni hapo kwenye matofali, hayana mwenyewe sasa. Ila semeni polepole, na mwenye kukohoa akohoe ndani ya kanga yake. Nitawaambia kwa nini. Msiwe na haraka, mimi leo sina pa kwenda, na huu utepe wa njano mnaouona hauniruhusu kusogea mbele.

Mnaniuliza imekuwaje mbwa wa serikali akawekwa rumande. Haya. Mimi ni Mama Tunu, mpishi wa Kikosi cha Mbwa. Nawapikia mbwa, ingawa na askari nao huchungulia sufuria. Mambo makubwa siyajui, na nisiyoyajua nayaheshimu. Ndiyo maana nimeishi salama mpaka jana.

Kwanza mjue, kama nyinyi ni wageni, kwamba nchi yetu haina rushwa. Ilikwisha. Mheshimiwa Daktari Nyoofu, Waziri wetu wa Uadilifu, alitangaza redioni kwamba imekwisha, tukapewa siku ya mapumziko tukacheza ngoma. Tangu hapo neno lenyewe hatulitamki. Hata lile jina lake la mtaani, kitu kidogo, lilipigwa marufuku. Ukienda dukani ukamwambia muuzaji "nipe hicho kitu kidogo hapo juu", atafunga dirisha na kupiga filimbi. Sisi tunasema kitu kisicho kikubwa. Mwanangu Tunu alipozaliwa kabla ya wakati, nesi alininong'oneza kwamba nimejaliwa mtoto asiye mkubwa, nikamshukuru kwa kulinda sheria.

Pili mjue kwamba hapa mnapopaona pana kifusi, mpaka jana palikuwa na Jengo la Uadilifu. Lilichimbiwa msingi wa ghorofa nne, likasimama ghorofa kumi na moja. Msiniangalie hivyo. Tume iliundwa, ikachunguza, ikakuta hakuna mtu aliyekula chochote. Zile ghorofa za juu, ilisema Tume, ziliongezeka kutokana na moyo wa kujituma. Wizara ikahamia humo kwa fahari, na mume wangu, Baba Tunu, akahamia nayo, maana yeye ndiye mhudumu wa chai.

Lifti ilikuwa kwenye matengenezo tangu siku ilipowekwa. Kwa hiyo Baba Tunu alipanda ngazi, birika mkono wa kulia, vikombe mkono wa kushoto, na kila akifika mlangoni aligonga birika kwa kijiko: kli-kli, kli. Mara mbili za haraka, kisha akatulia, kisha moja. Hakuhitaji kusema hodi. Ofisi nzima ilijua chai imefika. Mimi hata sokoni, kwenye vurugu za vyombo, mlio ule naujua kwamba ni wake.

Jioni alikuwa akirudi na habari ambazo sikuzipenda.

"Mama Tunu," aliniambia siku moja, anavua viatu, "leo nimeweka birika mezani kwa Katibu, likatembea."

"Likatembea?"

"Likatembea lenyewe mpaka dirishani. Nikamwonyesha Katibu, akasema birika langu halina nidhamu."

Ukutani pia palikuwa na ufa. Wakaufunika kwa picha ya Mheshimiwa. Ufa ukapanuka ukachungulia pembeni mwa fremu, wakaleta picha kubwa zaidi. Ulipofika kwenye dari wakakosa picha ya kiasi hicho. Nikamwambia Baba Tunu aache kazi. Nilimwambia kwa upole, nikamwambia kwa ukali, nikamnunia akala wali mkavu. Yeye anacheka tu.

"Na Tunu atakula nini? Tena una wasiwasi wa nini, mke wangu? Kidosho si yupo?"

*

Ngojeni. Nyamazeni kidogo.

Hapana. Ni bati linapigwa na upepo. Tuendelee.

Kidosho ni mbwa jike, rangi ya maharage, sikio moja limesimama na jingine limekataa. Kazi yake ni kutafuta watu waliofukiwa. Kwetu majengo huanguka kila msimu wa mvua, kwa bahati mbaya, na kila bahati mbaya ikitokea, Kidosho alikuwa akipelekwa. Amewatoa watu hai kwenye vifusi ambavyo viongozi walikwisha kuvitolea rambirambi. Wengine ilibidi warudishe mikono ya pole.

Aliyemfundisha ni Koplo Machumu, mtu mmoja mrefu mwenye aibu, anayeongea na mbwa vizuri kuliko na watu. Kabla yake kikosi kilifundisha kwa kiboko, na mbwa wa wakati ule waliweza kutafuta kitu kimoja tu: mlango wa kutokea. Machumu akaja na njia yake. Kila asubuhi alipita jikoni kwangu, namkatia maini yaliyochemshwa, vipande kama kucha ya kidole gumba, anavitia mfukoni. Na mfuko wa pili una kamba ya katani yenye mafundo. Kidosho akimpata mtu chini ya mbao, anabweka, na papo hapo anapewa ini, halafu wanavutana kamba.

"Yeye hajui kuna msiba, Mama Tunu," alinieleza. "Kwake kifusi ni mchezo wa kujificha. Anajua tu kwamba kuna mtu amejificha vizuri sana, na akimpata kuna raha. Kwa hiyo hachoki."

Ila kulikuwa na jambo moja la vyeo. Tangu enzi za kiboko, ili askari wasiwapige mbwa, sheria iliwapa mbwa cheo cha juu zaidi ya wale wanaowashika. Ukimpiga mbwa umempiga mkubwa wako. Kwa hiyo Kidosho ni Sajini. Kila asubuhi Koplo Machumu alimpigia saluti, na Sajini akamlamba mkono. Wote tuliona ni sheria nzuri. Mimi mpaka sasa naona ni nzuri, shida si yake.

*

Basi Mheshimiwa Nyoofu akaja kukagua kikosi. Tulipaka mawe chokaa, tukapaka mashina ya miti, na Kidosho kama si mwepesi naye angepakwa. Kuruta mmoja akafukiwa chini ya mbao na magunia. Koplo akasema "Tafuta!", Kidosho akaondoka mkia juu, akazunguka, akakaa juu ya kuruta, akabweka. Koplo akampa ini lake. Kisha wakavutana kamba, yeye anacheka, mbwa ananguruma kwa raha, mkia unachapa viatu vya Mheshimiwa. Watu walifurahi kweli.

Mheshimiwa akauliza mbele ya redio na televisheni: "Koplo, hebu waeleze wananchi. Siri ya mafanikio haya ni nini?"

Na Koplo Machumu, jamani, mtu mzima na akili zake, akakakamaa, akajibu kwa sauti ya paredi:

"Mheshimiwa, hakuna siri! Akifanya kazi vizuri, nampa kitu kidogo!"

Lo! Bendi ilikata wimbo katikati. Mpiga tarumbeta alibaki na mashavu yamejaa. Mimi niliyekuwa nimeshika sinia la soda nililiweka chini kabla halijaniponyoka. Angeweza kusema ini. Neno lenyewe fupi, mtoto wa chekechea analiandika. Angesema ini tu, leo nisingekuwa nimekaa hapa.

"Unampa nini?" akauliza Mheshimiwa, taratibu.

"Kitu ki... kisicho kikubwa, Mheshimiwa."

"Nilisikia vizuri mara ya kwanza. Na yeye hupokea?"

"Hupokea kwa furaha sana, Mheshimiwa."

"Cheo chake?"

"Sajini."

"Na chako?"

"Koplo, Mheshimiwa."

Mheshimiwa akawageukia waandishi wa habari. Alikuwa na huzuni ya kweli usoni, nisimsingizie. "Ndugu zangu wananchi, kwa niaba ya Serikali, kwa niaba yangu binafsi, na kwa niaba ya wote ambao leo hawakupata mtu wa kusimama kwa niaba yao, nasema nimeumia. Askari wa chini anampa mkubwa wake kitu, mchana kweupe, ili mkubwa huyo afanye kazi ambayo Serikali inamlisha aifanye. Anakipokea. Anakitafuna. Na kisha wanacheza! Saa za kazi! Nimelisaka jambo hili nchi nzima, kumbe limejificha kwenye mate ya mbwa!"

Tukapiga makofi. Kwetu hotuba ikiisha mtu hupiga makofi kabla hajafikiri, mikono inajua yenyewe. Na Kidosho, kwa kuwa aliona watu wamechangamka, alikwenda kumletea Mheshimiwa ile kamba, akaiweka miguuni pake, akakaa kumsubiri avute.

*

Tukaletewa Afisa Uadilifu wa kikosi, Bwana Shemzigwa, kijana msafi, mpole, asiyepaza sauti. Kazi ya kwanza aliyofanya ni kuleta fundi cherehani, mifuko yote ya askari ikashonwa. Leso wakaweka ndani ya kofia. Funguo za mabanda wakavaa shingoni. Kamba ya Kidosho ikafungiwa kabatini kwa kosa la mchezo kazini.

Koplo Machumu alijaribu, msidhani hakujaribu. Alimfuata Bwana Shemzigwa jikoni kwangu alipokuja kuonja, maana alionja kila siku kuhakikisha hakuna kinachozidi.

"Afande, sheria imekataza kitu kidogo. Je, nikimpa kitu kikubwa?"

Bwana Shemzigwa akafikiri, mwiko wangu mkononi mwake. "Kitu kikubwa hakijakatazwa," akasema. "Hilo ni kweli. Lakini kitu kikubwa kina wenyewe, Koplo. Kinapita juu kwa juu, kwa zabuni. Wewe na huyu Sajini bado hamjafika ngazi hiyo."

"Sasa akifanya vizuri atajuaje kwamba amefanya vizuri?"

"Atapongezwa."

Basi ikafanyika semina. Mbwa wote walikaa kwenye ukumbi wa mjini unaotazamana na Wizara, juu ya viti, kila mmoja na beji yake kifuani. Mada ilikuwa Namna ya Kukataa. Wawezeshaji walitoka Wizarani, wakafundisha tangu asubuhi namna ya kukataa, na kila ulipofika wakati wa chai walipewa posho, na mchana nusu kuku kila mmoja, na jioni posho ya kusafiria kurudi ng'ambo ya barabara. Nilipita na masinia katikati ya mbwa. Wote walikuwa wanawatazama wawezeshaji wanavyokula kuku. Sijawahi kuona wanafunzi wasikivu kiasi kile.

Mwisho Kidosho akakabidhiwa cheti cha Mtumishi Mwadilifu, kimepigwa lamination. Akakinusa mbele, akakinusa nyuma, akamtazama Machumu. Machumu akatazama chini.

Siku iliyofuata wakamjaribu. Kuruta akafukiwa, Kidosho akamtafuta, akampata, akabweka, akageuka kuutazama mfuko. Mfuko umeshonwa. Bwana Shemzigwa akasema, "Apigiwe makofi ya kilo!" Tukampigia yale makofi ya pamoja ya mikutanoni, kilo nzima. Akainua lile sikio moja. Akafukiwa kuruta mwingine, akampata, akautazama mfuko, makofi ya kilo. Mara ya tatu alizunguka kidogo, akarudi, akalaza kidevu juu ya miguu ya Machumu. Kuruta alikaa chini ya magunia mpaka wakati wa chakula, akatoka mwenyewe. Taarifa iliyokwenda Wizarani ilisema Sajini Kidosho sasa ametulia kuliko wakati wowote.

Mimi siku hiyo sikupika vizuri. Niliunguza. Nilikuwa nawaza birika linalotembea.

Jioni nikamwambia Baba Tunu, "Kidosho hayupo tena."

"Amekufa?"

"Yupo, lakini hayupo. Hatafuti."

Kwa mara ya kwanza hakucheka. Akakaa, akakunjakunja ile kofia yake ya kazi. Kesho yake alipompelekea Mheshimiwa chai, alithubutu. Yeye mwenyewe alinisimulia, na aliponisimulia alikuwa bado anatoka jasho.

"Mheshimiwa, samahani. Yule mbwa. Wangemruhusu tu kile kipande chake cha ini. Sisi wa ngazini tunaona nyufa, Mheshimiwa."

Mheshimiwa hakukasirika. Alisema, "Nimekusikia, mzee. Kibali cha jambo zito kama hilo hakiwezi kutolewa na mtu mwingine yeyote isipokuwa mimi, kwa mkono wangu huu. Nitalitafakari. Mimina, na sukari usiibanie."

Basi tukawa tunasubiri atafakari.

*

Tulieni. Tulieni tena.

Aah. Ni yule askari anagongagonga kalamu kwenye rungu lake. Hajui.

Jengo lilianguka jana, saa ya chai. Mlio wake sikuusikia kama mlio, nilisikia tumboni. Nilikuwa nachemsha maini. Nikaangalia upande wa mjini nikaona vumbi limesimama mahali ambapo palikuwa na ghorofa, nikakimbia na aproni yangu, na mwiko wangu, na mfuniko wa sufuria ambao mpaka leo sijui niliuchukulia nini. Nilikuwa nasema "Baba Tunu, Baba Tunu", kama vile nimemwona kwa mbali namwita asimame.

Kikosi kilikuja haraka, siwezi kuwalaumu. Kidosho akashushwa na kizibao chake chenye mistari mitatu na cheti chake kimening'inia shingoni. Koplo Machumu akasema, "Tafuta, mama. Tafuta!"

Kidosho akapanda kifusi, akanusa, akageuka. Akautazama mfuko. Akasubiri yale makofi yake, akaona hayaji, akakaa chini na kujikuna.

Watu wakaanza kulia. Machumu akamwendea Bwana Shemzigwa, akampigia magoti. Mtu mrefu vile, magoti kwenye kokoto.

"Afande, nipe ruhusa. Kipande kimoja."

"Koplo, ningekuwa na uwezo ningekupa," alisema Bwana Shemzigwa, na naapa alikuwa na machozi. "Lakini ni Mheshimiwa peke yake anayeweza kuruhusu."

"Mheshimiwa yuko wapi?"

Bwana Shemzigwa akanyoosha kidole kwenye kifusi.

Akampigia simu. Mwanamke wa kwenye simu akasema mteja hapatikani, ajaribu tena baadaye. Akasubiri baadaye ifike, akajaribu tena. Nikamuuliza kama hakuna kaimu. Akanieleza kwa subira, kwa sababu ana subira yule kijana, kwamba kaimu hukaimu pale waziri anapokuwa nje ya ofisi.

"Na Mheshimiwa hayuko nje ya ofisi, mama. Yumo ndani ya ofisi. Tena yumo ndani kuliko siku zote."

Niliposikia hivyo akili yangu ikakatika. Nilitia mkono kwenye aproni nikakuta kipande cha ini, nilikuwa nakionja chumvi wakati jengo linaanguka. Nikakitia kwenye kiganja cha Machumu nikakifumba. Machumu akanitazama. Akavua kiatu, akavua soksi, akaifunga fundo, akapiga magoti mbele ya mkubwa wake na kumtikisia ile soksi puani. "Haya, Kidosho! Haya, mwanangu! Nani kajificha? Nani?"

Mngeliona lile sikio. Yote mawili yalisimama, hata lile lililokataa. Akaivuta soksi, akanguruma, Machumu anacheka huku machozi yanamtoka, kisha akasema "Tafuta!" na mbwa akaondoka kama alivyokuwa akiondoka zamani. Haikupita hata muda wa kuchemsha chai. Akakwaruza, akabweka, tukakimbilia wote, tukainua mawe kwa mikono, na hapo, chini ya meza kubwa ya mninga, mweupe kwa vumbi kama andazi lisilokaangwa, alikuwa Mheshimiwa Daktari Nyoofu.

Mzima. Umati ulipiga kelele za furaha. Machumu akampa Kidosho ini lake.

Na Kidosho hakukaa kulitafuna, alilimeza akaondoka tena, peke yake, bila kuambiwa, akaenda upande wa ngazi. Akaanza kukwaruza. Nikamfuata. Nikalala kifudifudi nikaweka sikio kwenye zege, na nikasikia. Kli-kli. Kli.

Ni yeye. Nawaambia ni yeye, mlio ule siwezi kuukosea. Nikapiga ukelele, "Yuko hapa! Baba Tunu yuko hapa!"

"Simameni wote," akasema Mheshimiwa.

Alikuwa ameketi kwenye kiti alicholetewa, anafutwa uso. "Koplo. Ni nini hicho ulichompa?"

Safari hii Machumu alikuwa amejifunza. "Ini, Mheshimiwa."

"Kubwa au dogo?"

Machumu akamtazama Kidosho, akanitazama mimi, akatazama ile soksi. Hajui kusema uongo, ndiyo tabu yake.

"Dogo, Mheshimiwa."

Basi. Koplo akakamatwa kwa kutoa, Sajini akakamatwa kwa kupokea. Kielelezo kilikuwa tumboni mwa mtuhumiwa wa pili, kwa hiyo ikaamuliwa asiguswe, asikimbizwe, asifanye kazi yoyote mpaka kielelezo kitoke chenyewe. Wakazungusha huu utepe. Hapa ni eneo la tukio, walisema, na tukio ni la ini, jengo litakuja kushughulikiwa na idara yake. Mtu yeyote asisogeze hata kokoto mpaka wapelelezi wa Uadilifu wafike.

Nikamwendea Mheshimiwa. Nikamwambia, "Mheshimiwa, mume wangu yumo humu. Yule wa chai. Anagonga, nimemsikia, na mbwa ndiye anajua mahali."

Aliniwekea mkono begani. "Pole sana, mama. Sote tumeathirika. Mimi mwenyewe tangu asubuhi sijapata chai."

Kisha akasimama juu ya kile kifusi, juu ya ngazi, wapiga picha wakakusanyika, akahutubia. Alisema ameokolewa na mfumo. Alisema leo Uadilifu umeanguka na umesimama tena. Kidosho alikuwa ndani ya gari la polisi anabweka, pua ameielekeza pale pale, hatazami kwingine, na mimi nimelala tena na sikio langu chini, nasikia kli-kli, kli, kli-kli, kli. Mara Bwana Shemzigwa akasema, "Mheshimiwa apigiwe makofi ya kilo!"

Nikasema hapana. Nikasema, jamani, nyamazeni, nawaombeni, kwa ajili ya Mungu nyamazeni. Hakuna aliyenisikia, mikono ilikwisha kuanza. Askari wawili wakaniinua, mmoja akanishika kiganja hiki na mwingine kiganja hiki, wakanipigisha makofi, kwa upole, kama mtoto anavyofundishwa. Walipiga kilo tano. Mheshimiwa akainua mkono kushukuru, wakaongeza nyingine.

Yalipokwisha nikarudi kuweka sikio. Kimya.

Sijui kwa nini alinyamaza. Nimefikiri sana, nimekaa hapa tangu jana nafikiri hilo tu. Labda aliyasikia makofi akadhani ni yake. Labda alidhani tumekwisha kumpata, akaweka kijiko chini apumzike kidogo, tumtoe.

Kwa hiyo atagonga tena. Akiona tunachelewa atagonga, hana subira na watu wanaochelewesha chai. Ndiyo maana nawaambia semeni polepole. Wengine wamekuja hapa tangu asubuhi, wamekaa hapo mlipokaa, wamenisikiliza vizuri mpaka mwisho, na nilipomaliza wakafanya kile ambacho watu wa nchi hii hufanya mtu akimaliza kusema.

Nyinyi nawaomba kitu kidogo. Ndiyo, nimelitamka, waje wanikamate, lakini waje kwa miguu wasije na gari. Msinipigie makofi. Wekeni mikono chini. Ondokeni taratibu, niachieni masikio.